Bomba Lililoruka Kengele Ikilia

Kijana, ukifika penye bomba usianze na spana. Anza na kiganja. Kiweke juu ya chuma, kiache hapo mpaka mkono na chuma vizoeane, ndipo ufungue sanduku la vifaa. Najua mnacheka. Siku hizi mnakuja na geji, mnaifunga, mshale unasimama unapotaka kusimama, mnaandika, mnaondoka. Sina ugomvi na geji. Ningeipata moja enzi zangu ningelala nayo kitanda kimoja. Ila geji inakuambia bomba liko vipi wakati unaitazama. Kiganja kikitulia kinakuambia kuna kitu kimepita.

Niliingia idara ya maji hapa Sumbawanga wakati wa vijiji vya ujamaa, watu walipokuwa wakihamia pamoja na kila kijiji kipya kinaulizia maji yake. Shule yangu iliishia la saba. Mawimbi sikuyakuta ubaoni, niliyakuta mtaroni, nimeinama, tope limefika magotini. Kama una mwalimu wa fizikia, msikilize, kanuni zake ni za kweli. Mimi nitakusimulia yale ambayo mgongo wangu unayakumbuka, na sitayapanga mwaka kwa mwaka kwa sababu hayakuniingia hivyo.

Aliyenifundisha ni Fundi Ambakisye, mtu wa upande wa Mbeya, mrefu, ambaye akicheka hatoi sauti. Mabega ndiyo yanayocheka. Aliniita Ndoto. Wiki yangu ya kwanza kazini alinikuta nimekaa juu ya rundo la mabomba nikitazama milima ya Malonje, akaniuliza nafanya nini pale. Nikamwambia ninaona maji yakifika mlangoni kwa kila mtu, mpaka kule mwisho wa macho. Akafikiri kidogo.

"Basi, Ndoto, shuka ulete katani. Maji hayafiki mlangoni kwa kutazamwa."

Katani ndizo nyuzi tulizokuwa tukizungushia kwenye maungio, tunapaka rangi juu yake, tunakaza, hapavuji. Nimezungusha katani mpaka vidole vikawa na sugu, na jina la Ndoto halikuniacha mpaka nastaafu. Wapo watoto wa mtaani kwangu Kizwite wanaodhani ndilo jina la ubatizo.

Somo la kwanza alinipa juu ya uwanda, mahali ambapo hakuna mti wa kukukinga na upepo. Tulikuwa tumeunganisha bomba refu, bado halijafukiwa, limelala kwenye majani kama nyoka aliyeshiba. Fundi akaniambia nilaze sikio juu ya chuma. Akaenda, akaenda, mpaka nikamwona mdogo kama kidole. Akainua nyundo, akagonga.

Nikasikia mara mbili. Moja ndani ya chuma, kali, halafu nyingine imekuja na upepo, imechoka.

Nikamkimbilia kumwambia amegonga mara mbili. Akasema moja. Nikasema mbili. Akaniambia yeye ni mzee wa kanisa, haapi ovyo, lakini amegonga moja. Tulibishana pale kama watu wanaogombania kuku, mpaka akachoka, akanipa nyundo, akaenda yeye kulaza sikio. Nikagonga moja, naye kule mbali akanionyesha vidole viwili. Hata kwa umbali ule niliyaona mabega yakicheka.

Akanieleza tukiwa tunakula maharage baridi. Nyundo imegonga mara moja, ila habari yake imepita njia mbili. Ndani ya chuma, punje na punje zimeshikana sana. Ukimsukuma wa kwanza, wa pili amekwisha kujua, na wa tatu. Kwenye hewa punje zimeachana. Kila moja inakwenda kwanza kumtafuta jirani yake ndipo imsukume. Kwa hiyo chuma kinawahi na hewa inachelewa. Na hapa akanishika mkono ili nisisahau: hakuna chuma kilichotoka kule kuja sikioni kwangu. Kila punje ilimsukuma mwenzake ikarudi mahali pake. Kilichosafiri ni ule msukumo tu. Hilo ndilo wimbi. Ukilielewa hilo, mengine yote ni matope na jasho.

Mimi nilidhani nimeelewa. Baada ya hapo nikajiona daktari wa mabomba. Tulikuwa tunatafuta maji yanayovuja ardhini kwa ufito wa chuma: ncha moja juu ya bomba, nyingine kwenye mfupa karibu na sikio. Maji yakivuja chini, mlio wake unapanda na ufito. Basi pale mjini, mbele ya duka la Mzee Abdala, nikasikia kitu. Nikamwambia kwa heshima zote, shikamoo mzee, baraza lako limekalia maji. Akanipa ruhusa. Nikavunja saruji, nikachimba nusu siku, bomba nikalikuta kavu kama kuni.

Fundi akaja, akasikiliza na yeye. Akamwomba fundi cherehani wa barazani asimame kidogo. Mlio ukakata. Akamwambia aendelee. Mlio ukarudi. Cherehani ilikuwa na miguu ya chuma, imesimama juu ya saruji, na kila alipokanyaga, mtikisiko ulishuka ardhini ukakamata bomba.

"Ndoto," akaniuliza, "bomba linalovuja huwa linashona?"

Mzee Abdala alicheka mpaka akatuletea chai ya tangawizi, na baraza nikalisakafia upya mwenyewe. Kwa hiyo shika hili: maji yanayovuja yanafoka bila mapigo, kama mtu anayenyamazisha watoto, shhh, hapumziki. Mlio wenye mapigo ni wa mtu au mashine. Kabla hujachimba, waombe jirani wasitwange, wasishone, wasipige nyundo. Wakikataa, rudi saa ya chakula.

Sasa nije kwenye kijiji kile, maana ndicho kilichonifanya nikate shauri kubaki kwenye kazi hii.

Kilikuwa upande wa Mpui. Jina naliacha, wajukuu wa watu wale wapo. Maji yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani, yakaingia kwenye tangi, yakashuka kwa bomba la chuma mpaka bondeni, halafu yakapanda tena kijijini kwenye vituo vya kuchotea. Kule bondeni ndiko bomba lilikopasuka. Tunatengeneza, tunarudi mjini, haijapita muda dereva wa lori anatuletea salamu kwamba limepasuka tena, kiungio kilekile. Tunabadilisha kiungio. Linapasuka. Tunaweka katani mpya, tunakaza mpaka spana inalia. Linapasuka.

Pembeni ya kiungio hicho palikuwa na shamba la Mama Oresta. Alikuwa mjane wa makamo, mkimya, mikono mikubwa. Alipohamia kijijini na wenzake alikubaliwa kubaki na shamba lake la bondeni, na ntumba zake, yale matuta yetu ya duara tunayofukia majani yaoze ndani, zilikuwa zimepangwa vizuri kuliko za mtu yeyote. Bomba likipasuka, maji yalikwenda wapi? Kwenye ntumba za Mama Oresta. Kiangazi kile maharage ya watu yalikuwa yamekunjamana, yake yanang'aa kijani. Sasa wewe fikiria, wanawake wanashuka bondeni na ndoo tupu kwa sababu bomba la kijiji limepasuka, na hapohapo wanayaona maharage yale. Maneno yalianza yenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Venansi, hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuwa askari na alipenda mambo yaende pamoja. Mbele ya ofisi alitundika rimu ya gari kwenye mti, ndiyo kengele. Ikilia asubuhi, watu shambani. Ikilia tena, koki za maji zinafunguliwa. Ikilia mara ya mwisho, zinafungwa. Kila kituo kilikuwa na mwanamke mmoja msimamizi, mkono juu ya koki, na koki zenyewe zilikuwa za mpini mfupi: unazungusha robo tu, imeziba. Kengele ikilia, pa, kijiji kizima kimefunga kwa mpigo mmoja, hakuna tone lililodondoka. Wageni wa wilaya walikuwa wakiletwa kutazama. Hata mimi mara ya kwanza nilipiga makofi.

Bomba lilipopasuka tena, halmashauri ya kijiji ikamwita Mama Oresta, na sisi mafundi tukaitwa tushuhudie. Mwenyekiti akamwuliza kwa upole kama analigonga bomba. Akajibu bila kupandisha sauti.

"Sijaligusa. Linaruka lenyewe. Kengele ikilia kule juu, huku linaruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu."

Watu walicheka sana. Mzee mmoja akauliza kama bomba lina masikio. Mama Oresta akageuka akatutazama.

"Waulize mafundi. Bomba ni lao."

Kicheko kikahamia kwetu. Mwenyekiti akatoa uamuzi: atangoja. Ila bomba likipasuka mara moja tu tena, shamba la bondeni litachukuliwa liwe la kijiji, na Mama Oresta atapelekwa wilayani kujibu kosa la hujuma. Vijana, neno hujuma kipindi kile halikuwa la mchezo. Mtu akiitwa hivyo, hata jirani yake anaacha kumwazima moto.

Mimi nilimwamini. Sikuwa na sababu ya kifundi. Nilimwamini kwa sababu mtu anayetunga uongo hamsingizii mbuzi. Nikamwambia Fundi tusirudi mjini mpaka tuelewe. Akanitazama, akasema chakula chetu kimebaki kidogo. Nikasema nitakula maharage. Akasema, "Ya nani?" Lakini tukabaki.

Jioni ile nikashuka bondeni, nikakaa na Mama Oresta kando ya bomba, kiganja juu ya chuma. Alinipa mahindi ya kuchoma, tukatafuna bila maneno. Kule juu kengele ikalia. Kwa umbali ule ilikuwa hafifu. Na karibu wakati uleule bomba likanipiga mkononi. Si kutikisika. Kupiga, kama mtu aliye ndani anagonga atolewe. Kisha tena, hafifu zaidi. Kisha tena.

"Umemsikia mbuzi," akasema Mama Oresta.

Nikapanda kilima mbio kumwambia Fundi nimepata jibu. Nilikuwa nimewahi kuona kioo cha dirisha kanisani kikilia chenyewe ngoma ikipigwa. Basi nikamwambia: sauti ya rimu inashuka bondeni, inakamata bomba, bomba linacheza nayo mpaka linapasuka. Fundi akasema inawezekana, ingawa aliona ni mbali mno kwa rimu moja kuvunja chuma. Nikamsihi. Tukamwomba Mwenyekiti atuazime kengele yake siku moja, nikaivika gunia, nikaifunga kamba kama mtu anayeumwa jino. Yeye akasema sawa, leo nitatumia filimbi.

Jioni akapuliza filimbi. Wanawake wakafunga koki, pa, kwa mpigo mmoja, vizuri kuliko siku zote maana walijua tunatazama. Kule bondeni kiungio kikafumuka.

Niliposhuka nilimkuta Mama Oresta amesimama ndani ya maji, anatazama ntumba moja ikibomoka. Hakunigombeza.

"Mwanangu," akasema, "kengele umeifunga mdomo. Umeona?"

Nilijifanya natafuta spana majanini, maana machozi yalikuwa karibu. Mara ile moja iliyobaki ilikuwa imekwisha, na niliyeitumia ni mimi.

Taarifa ikafika juu kabla yetu. Mwenyekiti akasema kesho watu wakutane, shamba ligawiwe. Fundi Ambakisye akamwendea, akavua kofia, akamwomba kitu kimoja: kabla ya mkutano, atupe asubuhi ile, na yeye mwenyewe ashuke bondeni. Mwenyekiti akakubali, kwa uso wa mtu anayemkubalia mgonjwa.

Tukarudi kutengeneza kiungio mwanga ukiwa bado upo. Mimi nakaza, Fundi ameshikilia, Mama Oresta anakamua tope kwenye kanga yake. Nilikuwa nimekasirika na nimekazana. Nilimwambia Fundi sitoki bonde lile mpaka bomba liseme. Yeye akawa anafikiri kwa sauti, kama alivyozoea. Kengele ilinyamaza, bomba likaruka vilevile. Basi si sauti. Kengele ina kazi gani nyingine zaidi ya kulia?

"Inawaambia watu wafunge," akasema Mama Oresta.

Alisema kama mtu anayetaja jambo la kawaida kabisa, akaendelea kukamua. Sisi wawili tukatazamana. Mabega ya Fundi yakaanza kucheka. Akaweka spana chini, akaketi kwenye tope.

"Mama," akamwambia, "mimi nina miaka yote hii kwenye maji, na hilo sikulitazama."

Asubuhi tulikwenda kwanza kwenye tangi, tukabana koki kubwa ili maji yapite machache. Tulitaka bomba lituonyeshe, si lituvunjikie tena. Halafu Mwenyekiti akashuka na wazee wake na karibu kijiji kizima. Nikamwomba aweke kiganja juu ya chuma. Kule juu tulikuwa tumepatana na wanawake wa koki. Kwanza kengele ilie, wao wasifunge. Kengele ikalia. Akangoja. Hapana kitu. Kisha wafunge wote pamoja, kwa kupungiana kitambaa, bila kengele. Tukaona kitambaa cheupe kikipepea kule juu. Mwenyekiti akaondoa mkono kama aliyegusa jiko.

Akaurudisha mwenyewe, akaomba wafanye tena. Wakafanya tena.

"Nani analigonga?" akauliza. Alikuwa anauliza kweli.

Fundi akaona maneno hayatatosha. Akawapanga watu mstari mmoja juu ya mteremko, wamekaribiana, Mwenyekiti katikati, akawaambia waje wanashuka kwa mwendo wa haraka. Dada mmoja mwembamba ndiye alikuwa mbele. Fundi akamwinulia mkono, dada akasimama ghafla. Wa pili akamgonga, wa tatu akamgonga wa pili, mgongano ukapanda mstari mzima, Mwenyekiti akajikuta amemkumbatia balozi wa nyumba kumi. Watoto walilala chini kwa kucheka.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema Fundi, "wewe umegongwa na dada yule wa mbele?"

"Yule yuko mbali. Nimemgonga huyu aliye mbele yangu, kasimama bila kusema."

"Na yeye?"

Balozi akajitetea kwamba aliyekuwa mbele yake naye alisimama. Ikaenda hivyo, mtu na mtu, mpaka kwa dada mwembamba, aliyekuwa bado amesimama palepale aliposimamishwa. Fundi akasema maji ndani ya bomba ni mstari ule. Yanashuka kutoka tangini, mazito, yameshikana. Ukiyafungia mlango mbele ghafla, ya kwanza yanasimama, ya nyuma yanayagonga, na mgongano unarudi nyuma bombani mpaka kwenye tangi. Ukifika tangini unapata nafasi, unageuka, unashuka tena. Ndiyo maana mbuzi anaruka mara kadhaa na kila mara nguvu zinapungua. Maji hayaendi na kurudi hivyo, ni ule msukumo. Na bondeni, mahali pa chini kuliko pote, bomba limekwisha kubeba uzito wa maji ya pande zote mbili. Kila pigo linalopita pale linamkuta aliyekwisha kuelemewa.

Mwenyekiti akautazama mstari wa watu mteremkoni. Kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: mbona wakati wa kufunga mtu mmoja mmoja, kabla hajaweka utaratibu wake, bomba halikupasuka?

Sikungoja Fundi ajibu. Nikawapanga watu tena mteremkoni, nikamwambia dada mwembamba asisimame ghafla; apunguze mwendo polepole. Akapunguza, wa pili akapunguza, wa tatu. Wote wakasimama na hakuna aliyemgusa mwenzake. Koki zikifungwa moja moja, tena taratibu, kila moja inatoa msukumo mdogo, na huo unapata wasaa wa kwenda tangini na kurudi na kumezwa kabla mwingine haujazaliwa. Zikifungwa zote kwa mpigo mmoja, misukumo yote inazaliwa pamoja na kubebana.

"Kwa hiyo ni ule umoja wetu," akasema Mwenyekiti.

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amewafundisha watu wale kwa miezi, na walikuwa wakijivunia. Fundi akamwambia kwa heshima kwamba umoja wao ni mzuri kwa jembe. Kwa koki, wapeane zamu.

Mkutano ulifanyika saa ileile iliyopangwa, ila aliyesimama mbele kujibu alikuwa Mwenyekiti. Alisema shamba ni la Mama Oresta na litabaki la Mama Oresta, na neno lile la hujuma analifuta yeye mwenyewe mbele ya wote, na yeyote atakayelitamka tena atakuja kuzungumza naye. Halafu akamwomba radhi, kwa jina lake, akiwa amesimama. Mama Oresta aliitikia kwa kupiga makofi taratibu, jinsi wanawake wetu wa Kifipa wanavyopokea jambo zito, akasema ameyapokea. Kisha akaongeza kwamba ntumba yake moja ilibomoka kwa maji ya kijiji, basi kijiji kije na majembe. Wakaenda. Hata yule mzee aliyeuliza masikio ya bomba alifukia majani.

Nikurudishe kidogo kwenye ufundi, maana wengine mnasoma kwa ajili ya hilo. Baadaye tuliongeza kipande cha bomba kilichosimama wima karibu na kiungio, kimezibwa juu, ndani yake hewa. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pigo likija linaingia pale, hewa inajikunja, inajikunjua, chuma kinapona. Ila hewa hiyo huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji. Mara moja moja funga njia, mwaga maji yote ya kipande hicho, hewa iingie upya. Nimeona mafundi wakiweka kitu hicho vizuri sana halafu wanakisahau, na baada ya muda wamebaki na bomba lililojaa maji, limesimama wima kama pambo. Na koki yoyote ya robo mzunguko ikikupita mikononi, mfundishe mwenye nyumba kuifunga kama anayemfunika mtoto aliyelala. Atakucheka. Mfundishe hivyohivyo.

Siku ile, kabla hatujaondoka, tulifungulia koki ya tangi yote, maji yakaja kwa nguvu zake kamili. Fundi akabaki juu na wanawake kuwaonyesha kufunga kwa zamu. Mimi nikashuka bondeni, nikapiga goti kando ya kiungio, nikaweka kiganja. Kila msukumo niliokuwa naujua niliungoja. Kule juu niliona mtu wa kituo cha kwanza akiinama, anazungusha, anachelewesha. Kisha wa pili. Walikuwa wanafanya polepole mno, kwa woga, kama wanaobeba mayai. Wa mwisho alinyooka, akanipungia kitambaa.

Mama Oresta alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa bomba, akinitazama usoni badala ya kutazama chuma.

"Umesikia nini?"

Nikangoja kidogo tena, kuwa na uhakika. Chuma kilikuwa baridi tu.

"Sijasikia kitu, Mama."

Akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha kwenye udongo wa shamba lake, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa. Mimi niliendelea kushika bomba mpaka alipomaliza kulia.